Mkimbizi Anapokimbia Mara ya Pili



Tunapomtaja mkimbizi, twamfikiria mtu aliyeiacha nchi yake akapata hifadhi kwingine. Je, nchi iliyomhifadhi nayo ikiwaka moto, atakwenda wapi? Hayo ndiyo yaliyowapata Wapalestina wa Syria.

Kambi ya Yarmouk, kusini mwa mji wa Damascus, ilianzishwa mwaka 1957 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya mwaka 1948. Sheria ya Syria ya mwaka 1956 iliwaruhusu kusoma na kufanya kazi kama wenyeji, ingawa hawakupewa uraia. Baada ya miaka mingi kambi hiyo ikawa mtaa wa maghorofa, shule na masoko, wenye Wapalestina wapatao 160,000.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 2011. Desemba 2012 ndege za serikali ziliishambulia Yarmouk, wapinzani wenye silaha wakaingia, na wakazi wengi wakakimbia. Kuanzia Julai 2013 majeshi ya serikali yaliizingira kabisa. Watu wapatao 18,000 walibaki ndani bila umeme, na chakula na dawa vikawa haba mno. Walifikia hatua ya kula majani ya mwituni. Machi 2014 shirika la Amnesty International lilitangaza kwamba watu 128 walikuwa wamekufa kwa njaa. Ndugu zangu, njaa hiyo haikuletwa na ukame. Ilikuwa silaha mikononi mwa wanadamu.

Waliotoka nao walikuta milango imefungwa. Jordan, iliyokuwa ikiwapokea Wasyria kwa maelfu, ilitangaza Januari 2013 kwamba haitawapokea Wapalestina kutoka Syria. Mei 2014 Lebanon nayo ikawawekea masharti magumu. Bomu lililobomoa nyumba ya Msyria lilibomoa na ya jirani yake Mpalestina. Mpakani mmoja alipita, mwingine akarudishwa. Tofauti yao ilikuwa hati tu.

Hapo ndipo haki hudaiwa. Hifadhi ni stahili ya kila aliye hatarini, wala si zawadi ya mwenye pasipoti. Basi, katika jumuiya zetu, anapotufikia mtu aliyekimbia, tumwulize kwanza amepatwa na nini, ndipo tumwulize karatasi zake.