Kuanza Si Kumaliza
Maneno yaliyosemwa Kitahana mbele ya wazee, akina mama na vijana



Kabla hatujaingia katika maneno yenyewe, twataka kuwakumbusha jambo moja ambalo kila Mha alijua tangu utotoni. Kwetu Buha salamu ni ndefu. Mtu humpigia mwenziwe makofi, humwuliza habari za nyumba, za watoto, za shamba na za mifugo, na hakuna aliyelelewa vema awezaye kuikata salamu katikati akaenda zake. Basi asiseme mtu kwamba sisi ni watu tusioweza kumaliza jambo. Salamu twaimaliza kila asubuhi, kwa sababu ina saa yake, na mwenzetu amesimama mbele yetu akingoja jibu.

Lakini tukitazama kando ya njia, toka Kasulu hata Kibondo, twaona nini? Twaona nyumba zilizofika kimo cha madirisha, na ndani yake majani yameota. Twaona mashimo ya vyoo yaliyochimbwa hata magotini. Na tukifungua masanduku yetu, twakuta madaftari yaliyoandikwa kurasa tatu za mwanzo kwa mwandiko mzuri, na zilizobaki ni nyeupe. Hatusemi hayo kwa kuwacheka watu. Sisi tunaosema nanyi ni karani, na kazi yetu ya kila siku ni kuandika katika daftari. Hata hivyo nyumba yetu wenyewe ilisimama bila paa kwa miaka mitatu.

Nyumba isiyokwisha humnyeshea mwenyewe tu. Yako mambo mengine ambayo yasipokwisha huua, na katika hayo sisi tulipata fundisho letu.

Tuliugua kifua kikuu. Makohozi yetu yalipimwa, tukapewa dawa bila malipo, tukaambiwa tumeze kila siku kwa miezi 6. Muuguzi alitueleza vizuri: vijidudu vingi hufa katika majuma ya kwanza, lakini vingine hulala kimya mwilini, navyo haviishi ila kwa dawa ya siku nyingi. Alitueleza hata mkojo kugeuka rangi ya chungwa, tusije tukaogopa. Tukaitikia, tukaenda nyumbani.

Mwezi wa tatu kikohozi kilikuwa kimekoma, nguvu zimerudi, na watu wakitusifu kwamba tumenenepa. Siku moja tulisafiri, tukasahau dawa nyumbani. Siku ya pili tulikuwa tumekwisha rudi, na dawa zilikuwa mbele ya macho yetu, lakini tuliona haya kwa ile siku ya kwanza. Siku ya tatu tulijiambia kwamba kazi imekwisha haribika, ya nini kuendelea? Fahamuni basi, siku ya kwanza ilipotea kwa safari. Zote zilizofuata zilipotea kwa aibu.

Baada ya miezi michache kikohozi kilirudi, na safari hii hatukukohoa peke yetu. Mtoto wetu mdogo, aliyekuwa akilala chumba kimoja nasi, naye akaanza kukohoa usiku. Mtoto alitibiwa, akapona, twamshukuru Mungu. Lakini sauti ya kifua kile kidogo gizani haijatutoka masikioni hata leo.

Tuliporudi kituoni, tulitazamia kukaripiwa. Muuguzi hakutukaripia. Alitufungulia kadi yetu, akatuonyesha mistari ya alama, na mahali alama zilipokoma. Akapeleka makohozi yetu yapimwe upya, maana dawa iliyoachwa katikati huweza kuvifundisha vijidudu kuishinda. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitazamia: “Kaka, kila siku ya Mungu, ni jambo gani hulikosi kulifanya?”

Tukafikiri. Tukamjibu, “Kuwafungulia kuku.”

Akasema, “Basi, kuku wasitoke kabla dawa haijashuka. Na mama yako aitie alama kwenye kadi, si wewe.”

Tukaanza tena tangu siku ya kwanza. Kila alfajiri tulimeza dawa, mama akatia alama, ndipo tukafungua banda. Tulipochelewa, jogoo alipiga kelele, na mama akaita kutoka ndani, “Mwanangu, umekunywa?” Kuku hawajui safari wala haya. Wao hudai haki yao kila asubuhi, na sisi tuliiambatanisha dawa yetu na dai lao. Hivyo tukamaliza miezi yote.

Baadaye tulitaka kujua asili ya kadi ile na daftari lile, nasi tukafurahi kuona kwamba sehemu kubwa ya habari hiyo ni ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na aliyesaidia kuutengeneza ni mganga mmoja, Karel Styblo, aliyezaliwa mwaka 1921 katika nchi iliyoitwa zamani Czechoslovakia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungwa katika kambi ya Mauthausen, na humo yeye mwenyewe akapata kifua kikuu. Dawa njema zilikuwa zimekwisha patikana, lakini wagonjwa wengi waliziacha kabla ya wakati. Basi katika mpango ule kila mgonjwa aliandikwa katika daftari, alitazamwa akimeza dawa hasa katika miezi ya mwanzo, na kila robo ya mwaka hesabu ilifanywa: katika walioanza, wangapi wamemaliza, wangapi wamekufa, wangapi wametoroka. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya la Dunia lilizitangaza njia hizo kwa mataifa mengine.

Sisi makarani twalipenda neno hilo. Wengi wetu huhesabu walioanza: watoto walioandikishwa shule, miche iliyogawiwa, misingi iliyochimbwa. Daftari lile lilihesabu waliomaliza.

Wala alama ya kila siku si kitu kigeni kwetu Waha. Babu zetu waliokwenda kukata mkonge huko Tanga kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, wale walioitwa manamba, walichukua kipande cha siku 30 za kazi, na kila siku iliyokwisha ilitiwa alama. Ile ilikuwa alama ya mwenye shamba, na kazi ilikuwa ngumu, nasi hatuisifu. Lakini waliweza kuzimaliza siku zile ugenini, tena kwa faida ya mtu mwingine. Je, sisi hatuwezi kushika kipande chetu wenyewe, kwa faida ya nyumba zetu?

Tulipokwisha pona, tuliigeukia ile nyumba isiyo na paa. Zamani tulikuwa tumeazimia kufyatua matofali 200 kwa siku. Tulifyatua siku tatu, mgongo ukauma, tukaacha mwaka mzima. Safari hii tuliazimia matofali 20 tu, baada ya kufungua kuku na kabla ya kwenda kazini. Jirani mmoja alicheka, akasema hayo ni mchezo wa watoto. Tangu mwanzo wa Juni hata mwisho wa Agosti zilikuwa siku 92. Siku 14 zilitupita, kwa msiba, kwa ugonjwa, na nyingine, tuseme kweli, kwa uvivu. Siku 78 tulifanya kazi, nasi tukapata matofali 1,560. Kuta zikafika juu, na mvua za Oktoba zikatukuta chini ya bati.

Ndugu zetu, katika hayo twaona mambo manne yanayomfaa mtu ashindwaye kumaliza.

Kwanza, kipimo kiwe kidogo, hata siku ya uchovu kiwezekane. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Hawakusema lazima liishe leo.

Pili, kazi mpya ifungwe katika jambo la zamani lisilokosekana: kufungua kuku, kuchota maji, kuwasha moto. Asemaye “nitafanya nikipata nafasi” hataipata.

Tatu, awepo shahidi, mtu au kadi. Mtu akijihesabia mwenyewe hujisamehe upesi.

Nne, na hili ndilo kubwa, siku ikipotea, iandikwe kuwa imepotea, na kesho turudi. Tusiifiche, wala tusijaribu kuilipa kwa pupa. Afyatuaye matofali 40 leo kwa ajili ya jana, kesho hulala. Na katika dawa, jambo hilo ni hatari: asimeze mtu dozi mbili kwa shauri lake mwenyewe, aende kituoni akaseme kweli. Mraba mmoja mtupu katika kadi haukumwua mtu. Kinachoua ni ule wa pili, wa tatu, na yote inayofuata kwa sababu mtu ameona haya kurudi.

Huenda katika mkutano huu yuko mtu mwenye vidonge vilivyobaki ndani ya sanduku, ambaye kikohozi chake kilikoma naye akaacha. Hatumtaji, wala hatumtafuti kwa macho. Twamwambia tu kwamba sisi tulisimama mahali aliposimama, nasi tulirudi, na aliyetupokea hakutuuliza kwa nini tumechelewa. Kesho alfajiri akafungue kuku wake, kisha ashike njia ya kituoni. Akiwa na mtoto mdogo ndani ya nyumba, asingoje kesho kutwa.

Tumesema, nanyi mmetusikiliza hata mwisho. Hilo nalo ni jambo mlilolimaliza.