Urithi Upitao kwa Baba

Wengi wetu hudhani saratani ya matiti ni habari ya akina mama. Mwaka 1990 Mary-Claire King wa Marekani alionyesha kuwa katika koo fulani chanzo chake kimo ndani ya kromosomu ya 17. Jeni yenyewe, BRCA1, ilipatikana mwaka 1994. Baba mwenye jeni hiyo yenye hitilafu, hata akiwa mzima kabisa, aweza kumrithisha mwanawe, wa kike au wa kiume. Uwezekano ni nusu kwa nusu. Kinachorithiwa ni hatari. Wapo wanaozeeka bila kuugua. Basi daktari akiuliza habari za ukoo, tusiishie upande wa mama. Shangazi zetu, ambao wengine huwakumbuka siku za posa tu, nao watajwe, pamoja na umri ambao aliyeugua alianza kuumwa.