Kitu Kikianguka Kutoka Angani: Kisiguswe, Kisiuzwe, Kiripotiwe

Mazungumzo kwa wananchi kuhusu taka za angani



Mnamo tarehe 30 Desemba 2024, mwendo wa saa tisa alasiri, kitu kizito kilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Kilikuwa pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzani wa kilo 500 hivi, sawa na mifuko kumi ya saruji. Hakuna aliyeumia. Wakaazi waliwaarifu maafisa wa serikali, eneo likalindwa, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaichukua pete hiyo kwa uchunguzi. Tathmini ya kwanza ya shirika ilionyesha kuwa ni pete ya roketi, ile inayoshikanisha sehemu mbili na kuachana nazo roketi inapokuwa safarini.

Wakaazi wa Mukuku walifanya jambo moja la maana sana: waliripoti. Kitu kama hicho kinaweza kuanguka katika kaunti yoyote, na kila mwananchi anafaa kujua ni kwa nini kuripoti kuna faida kwake mwenyewe.

Taka hizi hutoka wapi

Setilaiti ya kwanza kutengenezwa na binadamu, Sputnik, ilirushwa tarehe 4 Oktoba 1957. Tangu hapo maelfu ya setilaiti yamepelekwa juu. Ndizo zinazosaidia kutabiri mvua, kuonyesha njia kwenye simu, kurusha matangazo ya televisheni na kupima ukame mashambani. Lakini kila safari huacha masalio: roketi zilizomaliza mafuta, pete, skrubu, na setilaiti zilizokufa. Leo vituo vya uangalizi duniani vinafuatilia zaidi ya vitu 30,000 vinavyoizunguka dunia, na vingi kati yake ni taka tupu.

Kenya si mtazamaji tu katika jambo hili. Setilaiti iitwayo Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwa nyota, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Nayo Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kuchunguza ardhi, ilirushwa kutoka California, Marekani, tarehe 15 Aprili 2023. Nchi inayofaidi anga ina wajibu pia wa kujua kinachorudi chini.

Kwa nini nyingine haziungui

Kitu kinachoizunguka dunia karibu na angahewa hukimbia kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa. Hewa nyembamba iliyoko huko hukipunguzia mwendo kidogo kidogo, nacho hushuka. Kikifika penye hewa nzito, hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupata joto kali mno, na sehemu kubwa ya kitu hicho huyeyuka na kuungua. Usiku, watu huona moto ukipita angani na kukatika vipande vipande.

Hata hivyo, si kila kitu huisha. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, hivyo nyingi huteketea. Titani, ambayo hutengenezewa mitungi ya mafuta na gesi, huhitaji nyuzi zaidi ya 1,600. Ndiyo maana mitungi, pete na vipande vinene vya chuma hufika ardhini. Waendeshaji wa vyombo vikubwa hujitahidi kuviangusha kusini mwa Bahari ya Pasifiki, mbali na makazi. Vile vilivyoishiwa mafuta haviongozwi tena, na huanguka popote njia yao inapopita.

Hakuna sababu ya kulala kwa hofu. Sehemu kubwa ya dunia ni bahari, na hadi leo hakuna kifo kilichothibitishwa cha mtu aliyeangukiwa na taka zilizorudi kutoka kwenye mzunguko wa dunia. Hatari kubwa zaidi huja baadaye, watu wanapokizunguka kitu hicho na kuanza kukishika.

Hatari ya kugusa

Mtungi wa chombo cha angani unaweza kuwa na masalio ya haidrazini, mafuta yenye sumu inayodhuru mapafu, ngozi na macho. Mtungi mwingine huweza kuwa bado na gesi iliyoshindiliwa, na ukigongwa kwa nyundo au kukatwa kwa moto, hulipuka. Kingo za chuma kilichopasuka hukata kama wembe. Mtu hawezi kujua kwa macho kilichomo ndani. Watoto ndio huwa wa kwanza kufika, kwa hiyo wazazi na walimu wawafundishe mapema.

Hasara ya kuuza

Chuma cha namna hii kikionekana, wako watakaofikiria mara moja mnunuzi wa vyuma chakavu. Kilo 500 ni pesa, na maisha ni magumu. Lakini anayeuza anapoteza zaidi ya anachopata, na huenda akampotezea jirani yake haki.

Upo mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 kuhusu uharibifu unaosababishwa na vyombo vya angani, na Kenya ni mwanachama wake. Mkataba huo unasema kwamba nchi iliyorusha chombo italipa fidia kamili kwa madhara yanayotokea ardhini, bila aliyeumizwa kulazimika kuthibitisha kwamba kulikuwa na uzembe. Paa likitobolewa, ng'ombe akiuawa au mtu akiumia, mlango wa kudai uko wazi. Dai hupelekwa na serikali ya nchi iliyodhurika kwa njia ya kidiplomasia, katika muda wa mwaka mmoja tangu siku ya madhara au tangu mwenye chombo kutambuliwa.

Mwenye chombo atatambuliwaje? Kwa kipande chenyewe: nambari zilizochongwa, aina ya chuma, skrubu, mahali na saa kilipoanguka. Kikishakatwa na kupelekwa kwenye tanuru, ushahidi umekwenda nacho. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wengine walivyofaulu

Tarehe 24 Januari 1978, setilaiti Kosmos 954 ya Muungano wa Kisovieti ilianguka kaskazini mwa Canada ikiwa na mtambo wa nyuklia. Serikali ya Canada ilivitafuta vipande kwa miezi, ikavipima na kuviandika kimoja kimoja, kisha ikadai dola za Canada zaidi ya milioni 6. Mwaka 1981 Muungano wa Kisovieti ulikubali kulipa milioni 3.

Karibuni zaidi, tarehe 8 Machi 2024, kipande cha gramu 700 hivi kilitoboa paa la nyumba moja mjini Naples, jimbo la Florida, Marekani. Mwenye nyumba hakukitupa. Wataalamu wa shirika la NASA walikichunguza na kuthibitisha kuwa kilitokana na mzigo wa betri kuukuu uliotupwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani mwaka 2021. Kwa uthibitisho huo, familia hiyo ilipata pa kushika na kuwasilisha dai lake la fidia.

La kufanya

Kitu kigeni kikianguka, au kikikutwa shambani, msituni au malishoni, mwananchi azingatie haya:

1. Asikiguse, asikisogeze, wala asikimwagie maji. Akae mbali, upande ambao upepo unatoka, ili moshi au harufu isimfikie.

2. Awaondoe watoto na mifugo, na azime sigara na moto wowote ulio karibu.

3. Amwarifu chifu, naibu wa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu, au apige simu ya dharura 999 au 112, bila malipo.

4. Aandike saa, mahali na alichokiona au kukisikia. Picha za simu zipigwe kutoka mbali.

5. Kama mali imeharibika, aipige picha kabla ya kutengeneza chochote, na aandike majina ya majirani walioshuhudia.

6. Aliyevuta hewa yenye harufu kali au aliyegusa kitu hicho anawe kwa maji mengi na sabuni, kisha aende hospitali mara moja na kueleza kilichotokea.

Pengine kitakachookotwa ni jiwe la kimondo, kama yale yaliyoanguka karibu na Thika tarehe 16 Julai 2011. Jiwe hilo halitoki kwa roketi ya mtu, na hakuna wa kudaiwa. Hata hivyo ni hazina ya elimu, kwa sababu vimondo vingi ni vya umri wa miaka bilioni 4.5 hivi, sawa na umri wa mfumo wa jua. Nalo pia liripotiwe, likaonwe na wataalamu wa nchi hii.

Machifu na wazee wa vijiji wanaombwa kuyarudia maneno haya katika mabaraza, kwa lugha inayoeleweka na kila mtu. Walimu wayafikishe darasani. Anga ni ya wote, lakini kinachoanguka huanguka kwenye shamba la mtu mmoja, na mtu huyo astahili kujua haki yake kabla ya mnunuzi wa vyuma kubisha hodi.