Programu ni ya Bure, Kazi si ya Bure

Mazungumzo kwa wazazi na vijana wanaojifunza kutengeneza programu



Wazazi wengi huuliza: kijana anayekesha kwenye kompyuta akitengeneza programu ambayo kila mtu anaipata bila malipo, atakula nini? Ni swali la haki.

Chukueni mfano wa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, iliyoanzishwa mwaka wa 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza. Ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha na kuigawa. Leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia. Lakini peke yake haina duka wala njia ya kupokea pesa. Kazi hizo hufanywa na programu-jalizi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye ile kubwa. Hapo ndipo riziki ilipo.

Adii Pienaar na Mark Forrester wa Afrika Kusini, pamoja na Magnus Jepson wa Norway, walianzisha WooThemes. Mwaka wa 2011 kampuni hiyo ilitoa WooCommerce, programu-jalizi inayogeuza tovuti kuwa duka. Haikuanza na ukurasa mtupu. Ilichukua msimbo wa programu nyingine huria, Jigoshop, ikauendeleza, kwa sababu leseni iliruhusu. Duka lenyewe lilitolewa bure. Aliyetaka zaidi, kama vile kupokea malipo ya kila mwezi, alinunua nyongeza pamoja na msaada na masasisho. Mwaka wa 2015 WooThemes ilinunuliwa na Automattic, kampuni ya Mullenweg.

Vijana, leseni hiyo hiyo inamruhusu mwingine kunakili kazi yenu. Anayetegemea kuficha msimbo ataumia. Tazameni fundi wa pikipiki: vipuri vimejaa madukani, lakini mteja humrudia fundi anayemwamini. Mteja wa programu-jalizi naye hulipia mtu atakayepokea simu duka likikwama Jumamosi usiku.

Hapa Kenya kazi ipo. Mnunuzi wa Kenya anataka kulipa kwa M-Pesa. Safaricom ina Daraja, mfumo unaowezesha programu nyingine kuomba na kuthibitisha malipo hayo, na Wakenya wamekwisha kutengeneza programu-jalizi za kuunganisha WooCommerce nao. Fikirieni mama anayeuza vyondo mtandaoni: mteja amelipa, lakini oda haionekani. Anayerekebisha hitilafu hiyo haraka amestahili ujira wake.

Yapo ya kuzingatia. Tangu siku ya kwanza, tangazeni kipi ni bure na kipi kinalipiwa. Kutoza baadaye kilichokuwa bure huleta ugomvi. Andikeni mkataba hata kwa kazi ndogo. Msiitelekeze programu inayotumiwa na watu, kwani tundu lisilozibwa huwafungulia wezi mlango. Na msiache shughuli nyingine mapema: wateja wa kwanza huchelewa, na wengi wa wanaotumia kilicho bure hawatalipa kamwe.

Wazazi, mkimwona kijana akitoa kazi yake bure, msimkemee. Mwulizeni swali moja tu: ni huduma gani utakayoiuza juu yake? Akiwa na jibu, amekwisha kuanza biashara.