Tone la Damu Zahanati

Msikilizaji, kabla kipimo cha haraka cha VVU hakijafika zahanati isiyo na maabara, hujaribiwa kwa damu ambayo majibu yake yanajulikana. Shirika la Afya Duniani hutaka kitambue angalau watu 99 kati ya 100 wenye virusi, na kisibambikie virusi zaidi ya watu 2 kati ya 100 wasio navyo. Wawili ni wachache? Pima watu 1,000 wasio na virusi: 20 wanaweza kuambiwa wanavyo. Hilo linaniuma. Ndiyo maana tangu 2019 shirika hilo linashauri vipimo vitatu tofauti vikubaliane kabla mtu hajaambiwa ameambukizwa. Nawe mhudumu, mstari kwenye herufi C, unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, usipojitokeza, kipimo hicho hakifai, chukua kingine.