Mtumishi wa Watu Aombapo Kura



Katika Pwani ya Kenya, tangu Rabai na Kaloleni mpaka Malindi, na kuvuka mto Sabaki hadi Magarini, watu hupenda kumchagua mtu ambaye wamekwisha kuiona kazi ya mikono yake. Mwalimu aliyewafundisha watoto kusoma, dresa wa zahanati aliyeamka usiku kumtazama mgonjwa, bibi aliyewakusanya wenzake wakaanzisha chama cha akiba: watu kama hawa wakisimama kuomba kura, husikilizwa. Wazee walinena, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Neno hilo ni la haki.

Lakini liko swali ambalo yapasa liulizwe kabla ya siku ya kura. Je, kazi iliyompatia mtu huyu jina jema ndiyo kazi atakayoifanya barazani? Habari za Ronald Ngala zaweza kutusaidia kupata jibu.

Ngala alizaliwa mwaka 1923, naye alikuwa Mgiriama. Alisoma katika shule ya Alliance huko Kikuyu, kisha akaenda Makerere, Uganda, kujifunza ualimu. Aliporudi Pwani alifundisha Kaloleni, akawa mwalimu mkuu katika nchi ya Taita, na baadaye mwalimu mkuu wa shule ya Buxton mjini Mombasa. Kwa hiyo kabla ya kujulikana kwa siasa alijulikana kwa ubao na chaki.

Mwalimu wa siku zile aliona mengi kutoka mlangoni pa darasa. Mvua ikikosa na mahindi yakikauka, watoto walipungua shuleni. Na nyuma ya njaa palikuwa na jambo jingine, nalo ni ardhi. Ukanda wa pwani wa maili kumi, ambao Malindi imo ndani yake, ulikuwa mali ya Sultani wa Unguja, na Waingereza waliutawala kama nchi ya himaya tangu mwaka 1895. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi: kila mwenye kudai shamba katika ukanda ule alete madai yake na kuyathibitisha, ardhi isiyodaiwa ihesabiwe kuwa ya Serikali. Wamijikenda wengi waliolima kwa desturi ya wazee wao hawakupata hati. Waliendelea kupanda mihogo na kutunza mikorosho, lakini mbele ya sheria wakaitwa maskwota.

Hapo ndipo yaonekana mpaka wa huduma. Mwalimu mwema aweza kumpa mtoto elimu, wala hawezi kumpa baba yake hati ya shamba. Dresa aweza kutibu homa, lakini hawezi kuamuru zahanati ya pili ijengwe. Mambo hayo hutoka katika sheria na katika hesabu ya fedha, na sheria za Kenya zilitungwa Nairobi, katika Baraza la Kutunga Sheria.

Katika Baraza hilo Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, naye aliteuliwa na Gavana. Waafrika hawakupiga kura ya kuchagua wajumbe wao mpaka Machi 1957, na hata wakati huo si kila mtu mzima aliyeruhusiwa. Aliyetaka kura alipimwa kwa elimu yake, mapato yake, mali yake, au utumishi wake wa miaka mingi. Mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hata kura tatu. Mkulima asiyesoma, asiye na mshahara, alisimama kando akitazama wengine wakimchagulia mjumbe.

Viti vilikuwa vinane kwa Waafrika wa nchi nzima. Kiti cha Pwani kilichukuliwa na Ngala. Wengine waliochaguliwa mwaka huo ni pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro na Daniel arap Moi.

Je, mwalimu yule alikuta nini barazani? Alikuta kwamba watu wanane, hata wakiwa hodari, ni wachache. Wajumbe hao wakakataa kupokea uwaziri, wakadai kwanza viti vya Waafrika viongezwe. Mwaka 1958 viliongezwa viti sita. Mwaka 1960 Ngala aliongoza wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa Lancaster House, London, na mwaka huo huo akawa kiongozi wa chama cha KADU. Mwaka 1961 akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali barazani. Katiba ya mwaka 1963 ilizipa sehemu za nchi mabaraza yao wenyewe, jambo ambalo KADU ilikuwa imelitetea kwa nguvu. Lakini mwaka 1964 KADU ilivunjwa, na mpango wa majimbo ukaondolewa. Ngala alijiunga na KANU, akawa waziri, na alifariki tarehe 25 Disemba, 1972, baada ya ajali ya motokaa.

Wako wanaomsifu kwa hayo, na wako wanaobishana naye hata leo. Lakini jambo moja halina ubishi: sifa ya ualimu ilimfikisha mlangoni pa baraza, na ndani ya baraza ilimbidi ajifunze kazi mpya, yaani kuhesabu kura, kusoma miswada, kutafuta wenzi, na kushindwa bila ya kukata tamaa. Na shauri la ardhi ya Pwani halikwisha kwa uhuru. Katika sehemu nyingi za Kilifi na Malindi watu wamezeeka wakingoja hati.

Sasa mambo yamebadilika. Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti, na tangu mwaka 2013 Kaunti ya Kilifi ina Bunge lake, ambalo hukutana Malindi. Wadi ni 35, na kila wadi humchagua mjumbe mmoja. Hakuna tena kupimwa kwa mali wala kwa elimu: mkulima wa Ganze na mvuvi wa Malindi, wakiwa raia waliotimiza miaka 18 na kujiandikisha, wana kura sawa na ya mwanasheria.

Kazi ya mjumbe wa Bunge hilo ni tatu: kutunga sheria za kaunti, kupitisha makadirio ya fedha, na kuwachungua wale wanaozitumia fedha hizo. Zahanati na vituo vya afya, shule za watoto wadogo, vyuo vya ufundi vya vijijini na barabara za kaunti zimo katika madaraka ya kaunti. Shule za msingi na za sekondari, pamoja na askari polisi, ni za Serikali ya Taifa. Basi mgombea wa wadi akiahidi kuwaajiri walimu wa sekondari, ameahidi kitu kisicho mkononi mwake. Lakini akisema ataulizia kwa nini zahanati haina dawa, na fedha zilizotengwa zimekwenda wapi, huyo ameitaja kazi yake.

Tena Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 humkataza mwenye kugombea kushiriki katika harambee kwa miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu. Sababu yake ni wazi. Mkono utoao hupendwa, na mkono utoao karibu na siku ya kura huenda ukawa unanunua.

Kwa hiyo mtumishi wa watu ajapo kuomba kura, apokewe kwa heshima, akaribishwe kitini, kisha aulizwe. Ulipokuwa ukitusaidia, ni taabu gani uliyoiona ikirudi kila mwaka? Ni sheria gani, au fungu gani la fedha, litakaloiondoa? Utatuletea habari za baraza mara ngapi? Na ukizidiwa kwa kura huko Malindi, utafanya nini kesho yake?

Aliyefanya kazi kwa moyo hataudhika kwa maswali hayo, maana yeye mwenyewe amekwisha kujiuliza usiku mwingi. Na asiyeweza kuyajibu, basi ashukuriwe kwa wema wake wa zamani, na aachwe aendelee na kazi yake njema kijijini. Shukrani ni deni la kulipwa, lakini kura ni amana, nayo hukabidhiwa mtu kwa ajili ya kazi iliyo mbele.