Nguzo Si Taa



Tumezoea kupima maendeleo ya umeme vijijini kwa kuhesabu nguzo, transfoma na vijiji vilivyofikiwa. Hatuna budi kujiuliza kama hesabu hiyo inatosha.

Wachumi watatu, ndugu Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram, walilichunguza jambo hilo katika vijiji vya Busia na Siaya, magharibi ya Kenya. Waliteua sehemu 150, kila moja ikiwa na transfoma yake. Nyaya zilipita jirani, lakini nyumba nyingi ziliendelea kuwasha vibatari, kwa kuwa ada ya kuunganishiwa ilikuwa shilingi 35,000 za Kenya.

Kwa kura, baadhi ya sehemu hizo zikapewa ruzuku. Pale ambapo umeme ulitolewa bure, karibu kila nyumba iliupokea. Pale ambapo ada ilipunguzwa hadi shilingi 15,000, waliojiunga hawakufika robo. Hiyo ndiyo ada iliyokuja kutangazwa na Serikali ya Kenya mwaka 2015 kwa wananchi wa vijijini.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuunganishiwa, hapakuonekana tofauti ya maana katika kipato, afya wala masomo ya watoto.

Je, umeme hauna faida? La, hasha! Utafiti huo ulipima nyumba, haukupima viwanda. Tena watafiti wenyewe walitaja vikwazo: urasimu, umeme kukatika, ukosefu wa mikopo, na nguzo zilizosimikwa kuwa pungufu ya zile zilizopangwa kwa karibu moja katika kila tano.

Ndugu zangu, umeme ni chombo, na chombo huhitaji mtumiaji mwenye uwezo. Mkulima asiye na mtaji wa kununua mashine atawasha taa moja na kuchaji simu, basi. Kwa hiyo, kila taarifa ya mradi ijibu maswali matatu: Ni nyumba ngapi zimeunganishwa? Umeme unapatikana kwa saa ngapi? Unafanya kazi gani ya uzalishaji?

Nguzo ni mwanzo wa kazi, wala si mwisho wake.